Kupima Kisichoonekana: Mitihani ya Kusikiliza na Kusoma Kiingereza kwa Wanaoomba Chuo Kikuu

Kila Novemba, siku ya mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu nchini Korea Kusini, ndege haziruki wala hazitui kwa dakika 35 mchana. Zilizo angani huamriwa zibaki juu ya mita 3,000 zikizunguka na kusubiri. Hakuna tishio lolote la usalama. Ni kwamba vijana wanasikiliza Kiingereza. Sehemu ya Kiingereza ya mtihani huo ina maswali 45, na 17 kati yake hujibiwa kwa kusikiliza sauti iliyorekodiwa. Injini ikinguruma juu ya paa la shule wakati sentensi moja inasemwa, aliye chini ya paa hilo amepoteza kitu ambacho mwenzake wa mji mwingine hakukipoteza.

Wapo wanaoona jambo hilo limepita kiasi. Mimi naona waliotoa amri hiyo wameelewa vizuri kuliko wengi jinsi kipimo cha kusikiliza kilivyo chepesi kuharibika. Na ukitaka kuelewa mitihani hii, inayofungulia watu milango ya vyuo na kuwafungia wengine, anzia hapo: kwa nini kipimo chenyewe ni dhaifu hivyo.

Katika stadi nne za lugha, mbili huacha kitu mkononi. Anayezungumza huacha sauti, anayeandika huacha karatasi, na mtahini anaweza kuvirudia, kushauriana na mwenzake, kisha akatoa alama. Kusikiliza na kusoma hakuachi kitu. Ufahamu hutokea kichwani, kimya kimya, na aliyeelewa hukaa kitini vilevile kama aliyepotea. Mtahini basi anafanya kazi ya msasi: mnyama hamwoni, anafuata nyayo. Lazima amtake mtahiniwa atende jambo, achague herufi, aandike neno, ajaze jedwali, halafu kutokana na tendo hilo akadirie kilichotokea akilini.

Matatizo yanaanzia hapo, kwa sababu kila tendo huja na stadi nyingine ambayo haikualikwa. Mtake aandike jibu kwa sentensi zake mwenyewe, umeanza kupima uandishi. Mtake atafsiri, umepima ufundi wa kutafsiri, ambao ni kipaji cha pekee. Mpe majibu manne achague moja, umemfungulia mlango wa kubahatisha. Mtihani wa IELTS, kwa mfano, ambao vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kiingereza huutaka, una maswali mengi ya kusikiliza ambayo jibu lake ni neno la kuandika, na ukikosea tahajia umekosa swali. Aliyesikia neno, akalielewa, akaliandika kwa herufi moja pungufu hupata sifuri sawa na ambaye hakusikia chochote. Naelewa sababu yake: wasahihishaji wakiachiwa kuamua kila mmoja kosa lipi dogo na lipi kubwa, mtahiniwa atapata alama kulingana na nani ameishika karatasi yake. Hata hivyo alama iliyopotea hapo haikupotelea masikioni, na anayeisoma alama hiyo chuoni hana namna ya kulijua hilo.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1913 Cambridge iliendesha kwa mara ya kwanza mtihani wake wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni. Watahiniwa walikuwa watatu tu. Walikaa kwa takriban saa 12 wakitafsiri, wakiandika insha, wakijibu maswali ya fonetiki, wakiandika imla na kuzungumza. Wote watatu walifeli. Mtihani wa namna hiyo humchimba mtu hadi mizizi, lakini hauwezi kutolewa kwa maelfu. TOEFL ilipoanza mwaka 1964, kwa ajili ya wageni waliotaka kusoma Marekani, ilishika njia nyingine: maswali ya kuchagua, yanayoweza kusahihishwa kwa mashine, kwa namna ileile popote duniani. Tangu hapo kusikiliza na kusoma, stadi ngumu zaidi kuonekana, zikawa ndizo rahisi zaidi kupimwa kwa wingi.

Swali linavyotengenezwa

Watu hudharau maswali ya kuchagua. Husema ni bahati nasibu. Tupige hesabu: mtihani wenye maswali 40, kila moja likiwa na majibu manne, humpa anayebahatisha maswali yote wastani wa 10. Kufikisha 20 kwa kubahatisha pekee hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya elfu. Kubahatisha kunamsaidia aliye chini asionekane chini kabisa, lakini hakumpandishi hadi juu.

Ufundi uko kwenye yale majibu matatu yasiyo sahihi, yaani vipotoshi. Kipotoshi kizuri hakitungwi ovyo. Kila kimoja hutegwa kwa aina fulani ya kutoelewa. Chukua mfano. Mwanafunzi katika rekodi anasema: "Nilipanga kumwona mhadhiri Jumanne, lakini nimeambiwa ofisi yake imefungwa hadi Alhamisi, na mimi siwezi kungoja siku zote hizo, basi nitamwandikia barua pepe usiku huu." Swali ni: atafanya nini? Jibu la kwanza linasema atakwenda ofisini Jumanne. Hilo humnasa aliyesikia mwanzo akaridhika. La pili linasema atangoja hadi Alhamisi. Hilo ni la mtu anayedaka siku na tarehe bila kufuata neno "siwezi". La tatu linasema atamtafuta mhadhiri mwingine. Hilo halikusemwa popote, ila linaingia akilini, na humpata asiyesikia kitu akaamua kutumia busara yake. Jibu la nne ndilo sahihi, nalo huandikwa kwa maneno tofauti na yaliyosikika, labda "atawasiliana naye kwa maandishi", ili asishinde mtu kwa kufananisha sauti na herufi.

Ndiyo sababu mtahiniwa anayewinda maneno huanguka hata akiwa amesikia kila neno. Maneno aliyoyatambua ndiyo yaliyowekwa chambo.

Katika mitihani mikubwa swali halitumiki likiwa bichi. Hujaribiwa kwanza kwa watu wanaofanana na watahiniwa, na mambo mawili huangaliwa: wangapi wamelipata, na ni akina nani. La pili ndilo zito. Swali ambalo wenye alama za juu wanalikosa huku wenye alama za chini wakilipata lina kasoro, hata kama aliyelitunga anaapa kwamba ni sahihi. Kuna na jaribio jingine la upande wa kusoma ambalo ningependa kila mwalimu anayetunga maswali ya ufahamu alifanye: wape watu maswali bila makala. Wakiyajibu vizuri, maswali hayo hayapimi kusoma. Yanapima wanachokijua tayari kuhusu nyuki au volkeno.

Sauti haisubiri

Msomaji hurudi nyuma, husimama, huruka aya. Msikilizaji hana uhuru huo. Mhadhara wa Kiingereza huenda kwa maneno kama 140 kwa dakika, mazungumzo ya kawaida ni kasi zaidi, na neno likishapita limepita. Akili inashika sentensi ya sasa huku ikimalizia kuchambua iliyotangulia. Anayekwama kwenye neno moja kwa sekunde mbili amepoteza maneno matano yanayofuata, na mara nyingi yale matano ndiyo yangemweleza lile moja.

Kwa sisi tuliolelewa na Kiswahili kuna kizingiti kingine. Lugha yetu ina irabu tano zinazotamkwa wazi popote zilipo, na mkazo unatulia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno linalosikika ni lile lile lililoandikwa. Kiingereza kina irabu nyingi zaidi, mkazo wake huhamahama, na silabi isiyo na mkazo hunyongwa hadi karibu kutoweka. Maneno madogo humezwa na ya jirani: vitu vitatu kwenye karatasi huwa mlio mmoja mdomoni. Kwa hiyo mtu anaweza kujua maneno elfu kadhaa kwa macho na asiyatambue yakipita masikioni. Akipata alama ndogo hudhani hana msamiati, anarudi kukariri orodha, kumbe anachohitaji ni kukisikiliza kile alichokwisha kukisoma, tena na tena, hadi macho na masikio yakubaliane.

Hapa kuna mjadala usiokwisha: sauti ichezwe mara moja au mbili? IELTS na TOEFL hucheza mara moja. Mtihani wa Cambridge wa kiwango cha B2, yaani juu kidogo ya kati, hucheza mara mbili. Wanaotetea mara moja husema mhadhiri hajirudii. Wanaotetea mara mbili hujibu kwamba darasani una sura ya mhadhiri, una ubao, una jirani wa kumuuliza, na kikohozi cha mtu wa safu ya nyuma hakikufukuzishi chuo. Naegemea upande wa kuchanganya: mara moja pale swali linapotaka kiini cha mazungumzo, mara mbili pale linapotaka undani. Japani ilichukua njia hiyo ya kuchanganya katika mtihani wake mpya wa kuingia chuo kikuu wa mwaka 2021.

Jambo ambalo halisemwi sana, nami naliona kubwa kuliko idadi ya kucheza sauti, ni wakati wa kuonyesha maswali. Katika IELTS mtahiniwa huyaona maswali kabla ya kusikia, akajua anatafuta nini. Katika TOEFL, kwa miaka mingi, amesikiliza mhadhara kwanza akiandika vidokezo, na maswali yakaja baadaye. Wa kwanza anatafuta kitu alichoelezwa umbo lake. Wa pili lazima ajenge picha nzima kichwani bila kujua ni kipande kipi kitaulizwa. Zote mbili huitwa "kusikiliza", na zote mbili zinatumika chuoni, lakini mtu anaweza kuwa hodari wa moja na dhaifu wa nyingine. Anayechagua mtihani wa kufanya afikirie hili kabla ya kufikiria upi unasifiwa kuwa rahisi.

Ukurasa na saa

Upande wa kusoma, adui ni muda. Sehemu ya kusoma ya IELTS kwa wanaoomba chuo ina makala tatu zenye jumla ya maneno kati ya 2,150 na 2,750, maswali 40, dakika 60. Dakika 20 kwa makala moja, kusoma na kujibu. Hakuna anayeweza kusoma kila neno kwa uangalifu sawa akamaliza; anayefaulu ameamua wapi apite juu juu na wapi azame. Uamuzi huo ndio sehemu kubwa ya kinachopimwa, na ndio unaohitajika siku mwanafunzi anapopewa kurasa 80 za kusoma kabla ya Jumatatu.

Chini ya muda kuna msamiati. Watafiti wa lugha, Paul Nation akiwa miongoni mwao, wamekadiria kwamba ili mtu asome makala bila msaada anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno yake, na kwamba kufikia hapo kwa maandishi ya kawaida ya Kiingereza kunataka familia za maneno 8,000 hadi 9,000, neno na maumbo yake yote yakihesabiwa familia moja. Kwa mazungumzo ni 6,000 hadi 7,000. Asilimia 98 si anasa. Katika makala ya maneno 800 inaacha maneno 16 usiyoyajua, unayoweza kuyakisia kutokana na majirani zake. Shuka hadi asilimia 95 na wageni wanakuwa 40, na wale majirani ambao wangekusaidia kukisia nao ni wageni.

Kisha lipo swali la "Kweli, Si Kweli, Haikutajwa", linalowaliza watahiniwa wengi wa IELTS, na ambalo mimi nalipenda. Makala inasema ziwa fulani lilikauka katika miaka michache baada ya bwawa kujengwa mtoni. Dai la kwanza: ziwa lilikauka kabla ya bwawa kujengwa. Hilo si kweli, makala inalipinga. Dai la pili: bwawa ndilo lililokausha ziwa. Wengi huandika "kweli". Lakini makala imesema baada ya, haikusema kwa sababu ya. Labda mvua ilikoma miaka hiyohiyo. Jibu ni "haikutajwa". Mtu mwenye akili timamu huunganisha mambo hayo mawili bila kujua kwamba ameunganisha, na swali linamkamata pale pale anapoingiza mawazo yake kinywani mwa mwandishi. Chuo kikuu kizima kimejengwa juu ya uwezo wa kutenganisha kilichosemwa na nilichodhani. Kama ningebakiziwa aina moja tu ya swali la kusoma, ningechukua hili.

Majibu sahihi si alama

Baada ya kusahihisha, kuna hatua ambayo watahiniwa wengi hawaioni: kugeuza idadi ya majibu sahihi kuwa alama ya kipimo. Katika IELTS, mtu aliyepata maswali 30 kati ya 40 kwenye usomaji wa kitaaluma hupata takriban 7, kwenye kipimo kinachoishia 9. Aliyepata 30 hizohizo kwenye usomaji wa toleo la jumla, ambalo matini zake ni nyepesi, hupata takriban 6. Maswali yaliyojibiwa ni sawa kwa idadi, mzigo uliobebwa si sawa. Vivyo hivyo matoleo mawili ya mtihani uleule hayawezi kulingana kabisa kwa ugumu, hivyo jedwali la kugeuza husogezwa kidogo ili asiadhibiwe aliyekutana na toleo gumu. Anayemlaumu rafiki kwa "kupata mtihani rahisi" asubiri kwanza aone amehitajika kupata mangapi.

Na alama yenyewe ina ukungu. Mtu huyohuyo, bila kujifunza wala kusahau chochote, akifanya mtihani Jumamosi mbili mfululizo anaweza kupata 6 mara moja na 6.5 mara nyingine kwenye kusoma. Wanaotengeneza mitihani wanalijua hili na hulikokotoa. Chuo kinachoweka mstari kwenye 6.5 hakiuoni ukungu huo. Kompyuta ya udahili inaona tarakimu. Tazama pia jinsi wastani unavyopandishwa. Mwenye kusikiliza 6.5, kusoma 6.5, kuandika 6 na kuzungumza 6 ana wastani wa 6.25, ambao hupandishwa kuwa 6.5. Mwenzake aliyepata 6 kwenye kusoma, mengine yote sawa, ana 6.125, unaoshushwa kuwa 6. Katikati yao huenda pana swali moja tu la usomaji.

Ule mstari, ieleweke, haukuchorwa na mtihani. Mtihani hutoa alama. "Kufaulu" huamuliwa na chuo, mara nyingi na idara, na ndiyo maana sheria na tiba kwa kawaida hudai zaidi ya uhandisi. Vyuo vingine hudai wastani tu, vingine hudai pia kiwango cha chini kwa kila stadi, na hapo aliyepata 7 ya jumla anaweza kukataliwa kwa 5.5 ya kusikiliza. Soma sharti hilo kabla ya kulipia mtihani, si baada.

Somo la Japani

Japani inaonyesha vizuri kwa nini stadi hizi mbili zimeshika usukani. Hadi mwaka 2005 mtihani wake wa taifa wa kuingia chuo kikuu ulipima Kiingereza kwa karatasi tu. Januari 2006 kusikiliza kuliongezwa, na badala ya spika moja ukumbini, kila mtahiniwa alipewa kifaa kidogo cha sauti chenye hedifoni zake, ili aliye nyuma asikie sawa na aliye mbele. Lakini kusikiliza kulipewa alama 50, karatasi ikabaki na 200, na mwalimu mwenye saa chache za kufundisha hakuhitaji kuambiwa azitumie wapi. Mwaka 2021 mtihani mpya ulisawazisha: kusoma 100 kwa dakika 80, kusikiliza 100, na maswali ya pekee ya matamshi na sarufi yakaondolewa. Vyuo vikuu vikaachiwa uhuru wa kuamua vyenyewe uzito wa kila upande.

Mpango ulikuwa mkubwa zaidi ya hapo. Serikali ilitaka kuzungumza na kuandika navyo vipimwe, kwa kutumia mitihani ya mashirika binafsi. Novemba 2019, miezi michache kabla ya kuanza, ukasitishwa, na baadaye ukaachwa kabisa. Hoja iliyouangusha ilikuwa haki: mitihani hiyo ina ada, vituo vyake viko mijini, na mtoto wa kisiwani mwenye wazazi wa kipato kidogo angefanya mara moja kile ambacho mwenzake wa jijini angerudia hadi apate. Kusikiliza na kusoma kulibaki kwa sababu watu karibu nusu milioni wanaweza kupimwa hivyo kwa siku moja, kwa sauti ileile na karatasi ileile. Naukubali uamuzi ule, ingawa naumia kwa ajili ya vijana watakaomaliza shule bila kulazimika kufungua kinywa kwa lugha waliyojifunza miaka yote.

Limebaki swali ambalo kila chuo kingepaswa kujiuliza: je, mwenye alama kubwa ya Kiingereza hufanya vizuri zaidi akishaingia? Uhusiano unaoonekana kati ya alama hizi na matokeo ya mwaka wa kwanza kwa kawaida ni mdogo, na wapo wanaolichukua hilo kama ushahidi kwamba mitihani haina kazi. Hapana. Waliolinganishwa ni wale tu waliovuka mstari, wote wakiwa na Kiingereza cha kutosha, hivyo kinachowatofautisha ni bidii, afya, fedha na masomo waliyokuja nayo. Waliozuiwa hawana matokeo ya mwaka wa kwanza ya kulinganishwa na yeyote. Idara zinazowapokea walio nusu alama chini ya mstari, zikawapa wiki kadhaa za kozi ya lugha kabla ya muhula, ndizo pekee zenye majina ya watu wa aina hiyo kwenye orodha za matokeo ya mwaka wa kwanza.